Kukagua BMW F30 kabla ya kulipa: hatua kwa hatua, kuanzia injini baridi

Mnunuzi anafika bondi (yadi ya magari yasiyolipiwa ushuru bado) ya Nakawa, Kampala, saa tano asubuhi. Gari limeoshwa, eisi inapuliza, injini inanguruma taratibu. Analizungusha uwanjani mara mbili, anapenda viti vya ngozi, analipa. Miezi mitatu baadaye gari liko gereji, cheni (mnyororo unaoendesha valvu ndani ya injini) imekatika, valvu zimegonga pistoni, na fundi anatafuta injini nzima ya kubadilisha.

Kosa halikuwa kununua BMW. Kosa lilikuwa kukubali kuikagua ikiwa tayari imepata moto. Magonjwa makubwa ya gari hili husikika sekunde chache za mwanzo, kabla oili haijapanda. Muuzaji anayeliwasha kabla hujafika, awe na nia mbaya au asiwe nayo, amekunyima kipimo kikubwa kuliko vyote. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zina mpangilio, na usizivuruge.

F30 ni namba ya bodi ya sedani ya Series 3 iliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 2011 hadi 2018. Nyingi zinazoingia Uganda hutoka Japani na Uingereza kwa sababu usukani uko kulia. Zipo pia zilizotengenezwa kiwanda cha Rosslyn, Afrika Kusini.

## Kwanza jua ni injini ipi

Namba ya modeli iliyobandikwa nyuma ya gari isikudanganye. 320i ya 2013 na 320i ya 2017 zina injini mbili tofauti kabisa.

Kabla ya maboresho ya katikati ya 2015, 320i na 328i zilitumia N20, lita 2.0 yenye turbo. Kwenye 320i inatoa nguvu za farasi 184 na mvuto wa Nm 270. Kwenye 328i ni farasi 245 na Nm 350. Hii ndiyo injini inayohitaji masikio makali, kwa sababu mikono ya plastiki inayoongoza cheni yake huzeeka, hukatika, na vipande huanguka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Mikono iliyoboreshwa ilianza kufungwa kiwandani mwanzoni mwa 2015.

335i ina N55, silinda sita, lita 3.0, farasi 306 na Nm 400. Cheni yake haina sifa mbaya. Inasumbua zaidi kwa kuvuja oili na kwa bomba la plastiki la hewa ya turbo linalopasuka.

320d ya mwanzo ina N47 ya dizeli, farasi 184 na Nm 380. Cheni yake iko nyuma ya injini, upande wa giaboksi, kwa hiyo kuibadilisha ni kushusha giaboksi au injini yenyewe. Baada yake ilikuja B47.

Baada ya maboresho zikaja B48 (320i, na 330i yenye farasi 252) na B58 (340i, farasi 326). Kama mfuko unaruhusu, tafuta hizi. Tofauti ya bei kati ya 328i ya 2013 na 330i ya 2016 inaweza kumezwa na kazi moja tu ya cheni.

## Vifaa vya kubeba

- Tochi yenye mwanga mkali, na kioo kidogo chenye mpini
- Kitambaa cheupe na glavu
- Kadibodi safi ya kutandika chini ya injini
- Skana inayosoma BMW. Kale kakifaa ka bei rahisi ka bluutuuthi huishia kwenye injini; unahitaji inayoingia pia kwenye giaboksi, breki, eabagi na dashibodi. Fundi mwenye ISTA, programu ya BMW yenyewe, ni bora zaidi
- Kipimo cha unene wa rangi, ukikipata cha kuazima
- Soketi ya kifuniko cha chujio la oili, oringi mpya na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza)
- Simu ya kurekodi sauti
- Fundi wako mwenyewe, asiyejuana na muuzaji

Siku moja kabla, mwambie muuzaji kwa ujumbe wa maandishi: gari lisiwashwe hadi utakapofika. Panga kufika bondi inapofunguliwa.

## Hatua ya 1: Namba ya chesisi na makaratasi

Namba ya chesisi ina herufi na tarakimu, jumla 17. Isome chini ya kioo cha mbele, kwenye stika ya nguzo ya mlango, na ndani ya boneti. Zote zifanane, kisha zifanane na makaratasi.

Ingiza herufi na tarakimu 7 za mwisho kwenye tovuti yoyote inayofumbua namba za BMW. Utapata tarehe ya kutengenezwa, aina ya injini, rangi ya kiwandani na orodha ya vifaa lilivyozaliwa navyo.

Tarehe hiyo ina uzito wa kisheria. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, na lililozidi miaka 8 liliwekewa tozo ya mazingira. Kinachohesabiwa ni kutengenezwa, si kusajiliwa mara ya kwanza. Gari linaweza kutengenezwa mwezi wa kumi likasajiliwa mwaka unaofuata.

Hapo hapo utaumbua nembo za M. Gari lililozaliwa M3 namba yake huanza na WBS. Ikianza na WBA ni Series 3 ya kawaida, hata kama nyuma imebandikwa M tatu. Pakiti ya M Sport ni bampa, usukani, rimu na saspensheni. Haiongezi farasi hata mmoja.

Kwa gari la Japani, omba cheti cha kufutwa usajili, kwani huandikwa kilomita za ukaguzi uliopita, na karatasi ya mnada. Daraja la R au RA kwenye karatasi hiyo maana yake liligongwa likatengenezwa.

Umefaulu kama: namba zinalingana kila mahali, na injini iliyoandikwa ndiyo iliyo ndani ya boneti.

## Hatua ya 2: Kuwasha likiwa baridi

Kabla ya kugusa kitufe, fungua boneti, shika kifuniko cha injini na bomba la juu la rejeta. Viwe baridi. Ukiwa na skana, washa swichi bila kuwasha injini na usome joto la maji: asubuhi ya Kampala lisizidi joto la hewa kwa zaidi ya nyuzi 5 hivi. Likisoma 50, ahirisha ukaguzi. Usibembelezwe; injini ya alumini haipoi kwa kunywa chai moja.

Tandika kadibodi chini. Fundi asimame mbele, boneti wazi, simu inarekodi. Wewe washa.

Sekunde 3 za kwanza. Sikiliza mtikisiko wa kokoto ndani ya kopo. Ukisikika ukatoweka, cheni imelegea na inasubiri presha ya oili iibane. Usiambiwe "ndivyo BMW zilivyo".

Dakika ya kwanza. Raundi za injini kwa dakika zitakaa juu kidogo, karibu 1,000 hadi 1,200, zikipasha moto kichujio cha moshi, kisha zishuke karibu 700. Utasikia tiki-tiki-tiki nyepesi. Hizo ni nozeli, kwa sababu petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Wengi huitupa injini nzima kwa kelele hii isiyo na kosa, huku wakiikubali ile ya cheni.

Kisha panda polepole hadi raundi 2,500. Kwenye N20 tafuta mlio mwembamba kama filimbi au msumeno wa mbali, unaopanda na kushuka pamoja na raundi. Mara nyingi huo ni mnyororo mdogo unaozungusha pampu ya oili. Ukikatika, presha ya oili hupotea mara moja. Kwenye dizeli ya N47, sikiliza nyuma ya injini, karibu na ukuta wa kabini, raundi kati ya 1,500 na 2,000. Mkwaruzo hapo ni cheni ya nyuma.

Moshi: mvuke mweupe unaoisha ni maji tu. Rangi ya bluu ni oili inayoungua, iwe kwa turbo au kwa sili za valvu. Mweusi mzito kwenye dizeli, fikiria nozeli au valvu ya kurudisha moshi. Baadhi ya dizeli hizi ziliitwa na BMW zirudi kurekebishwa kuanzia 2018 kwa sababu ya kipoza moshi kinachoweza kuvuja na kushika moto. Angalia kwa namba ya chesisi kama kazi hiyo ilifanyika.

Umefaulu kama: limewaka mara moja, halikutikisika, halikulia filimbi, na kadibodi imebaki kavu baada ya dakika 10.

## Hatua ya 3: Oili na chujio lake

N20 na N55 hazina kijiti cha kupimia oili. Kiwango husomwa kwenye skrini, menyu ya hali ya gari, injini ikiwa imepata moto, inasaga, na gari likiwa kwenye sakafu tambarare. Kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja. Ikiwa skrini ni ya Kijapani, badilisha lugha kwanza au tumia skana. Usikisie.

Zima. Fungua kofia ya kujazia oili na uangaze tochi ndani. Rangi ya asali iliyokolea ni sawa. Lami nyeusi iliyoganda kwenye chuma maana yake oili ilibadilishwa kwa kuchelewa miaka mingi. Uji mweupe kama maziwa ni maji yameingia.

Sasa kipimo ambacho karibu kila mnunuzi hukiruka. Kwa ruhusa ya muuzaji, fungua kifuniko cha chujio la oili na utoe chujio. Kunjua mikunjo yake juu ya kitambaa cheupe. Punje za plastiki za kahawia au nyeusi ni mikono ya cheni. Chembe zinazong'aa ni beringi. Rudisha kifuniko kwa oringi mpya na toki ya Nm 25. Wanaokaza kwa hasira hukipasua.

Muuzaji akikataa? Hiyo ni haki yake, nawe una haki ya kupunguza bei kwa gharama ya cheni nzima: cheni kuu, mikono, tenshona (kikaza cheni), na mnyororo wa pampu. Usikubali kubadilishiwa mkono mmoja tu.

Malizia kwa kuangaza nyumba ya chujio inapokutana na injini. Gasketi yake hukauka na kuvuja, na kwenye N55 oili inaweza kudondokea mkanda wa mbele. Mkanda uliolowa huchanika, na vipande vyake huweza kuvutwa ndani kupitia sili ya krankishafti. Gasketi ni ya bei ndogo. Kinachoua ni kuichelewesha.

## Hatua ya 4: Joto la foleni

Kupima joto kwa kuendesha kidogo hakusaidii, maana upepo wa mwendo unaficha udhaifu. Kinachoua magari haya Kampala ni foleni ya Jinja Road saa kumi na moja jioni. Iigize.

Angalia kwanza tanki la maji likiwa baridi: kiwango kiwe ndani ya alama, maji yawe na rangi ya kulanti (dawa ya maji ya kupoza injini). Maji matupu ya bomba, au kutu, ni dalili kwamba kuna mahali panavuja na mtu amechoka kujazia.

Washa eisi kwenye ubaridi wa mwisho, acha injini isage dakika 20, skana ikisoma joto la maji. N20 na N55 zimetengenezwa zifanye kazi kwenye moto mkali, kwa hiyo 90 hadi 108 isikutishe. Ikivuka 115 na inaendelea kupanda, zima. Kamwe usifungue kofia ya tanki ikiwa moto. Maji yatakurukia usoni.

Pampu ya maji kwenye injini hizi inazungushwa na umeme, si mkanda. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi haivuji kabla ya kufa: leo nzima, kesho gari limesimama Kibuye na onyo jekundu. Likiwa limepita kilomita 120,000 bila ushahidi kwamba pampu na themostati vilibadilishwa, vihesabu kama deni.

Na ukija kubadilisha, kutoa hewa kuna utaratibu wake: unganisha chaja kwenye betri, washa swichi bila kuwasha injini, weka hita kwenye joto la mwisho na feni ya kabini ngazi ya chini, kanyaga mafuta hadi mwisho sekunde 10, achia. Pampu itazunguka yenyewe kama dakika 12. Gereji zinazotoa hewa kwa kuzungusha injini kama Corolla ndizo zinazorudishiwa gari lile lile kila wiki.

Umefaulu kama: joto limetulia, feni inaingia na kutoka, eisi haikupoteza ubaridi.

## Hatua ya 5: Skana

Soma moduli zote, siyo injini tu. Orodha ya hitilafu ikiwa safi kabisa kwenye gari la miaka kumi, shuku kabla ya kufurahi. Tafuta kilomita zilizotembewa tangu kumbukumbu ifutwe. Ikisema 3, kumbukumbu ilifutwa uwanjani asubuhi hiyo.

Kisha linganisha kilomita. Dashibodi si mahali pekee zinapohifadhiwa. Moduli nyingine na hata ufunguo huweka nakala. Anayerudisha kilomita mara nyingi hugusa dashibodi tu. Ukikuta moduli moja ina 87,000 na nyingine ilirekodi hitilafu kwenye 164,000, mazungumzo yamekwisha.

Taa ya eabagi nayo: washa swichi, iwake sekunde chache, izime. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki imewaka, kwa kuwa kuna mtu ameificha.

## Hatua ya 6: Barabarani

Gari ambalo halijalipiwa ushuru haliwezi kutoka bondi hivi hivi. Mtake muuzaji apange njia halali ya kulijaribu barabarani. Ikishindikana, andikianeni kwamba salio litalipwa baada ya majaribio.

Anza na giaboksi. Ni ya ZF, gia 8. Breki imekanyagwa, toka P kwenda R, kisha D. Iingie ndani ya sekunde moja bila kishindo. Endesha polepole hadi gia ya tatu, kisha achia mafuta hadi ukaribie kusimama. Teke kati ya gia ya tatu na ya pili ni oili iliyochoka au zaidi ya hapo. BMW waliiita oili ya maisha yote. ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Waamini waliotengeneza giaboksi. Kwa kuwa chujio limeunganishwa na sampu ya plastiki, huduma kamili hubadilisha sampu nzima.

Sasa nguvu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 11. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi hicho. Turbo hufidia sehemu kubwa, kwa hiyo usikubali kisingizio cha "milima yetu" kwa F30 iliyolegea.

Panda kilima cha Muyenga au Kololo kwa hali ya uendeshaji ya Comfort. 328i inapaswa kuvuta kuanzia raundi 1,500 bila kulalamika, kwani Nm 350 zake huanza kupatikana 1,250. Kisha, kwenye Entebbe Expressway ambako mwisho ni kilomita 100 kwa saa, weka Sport na ukanyage kutoka 60 hadi 100. Kwa takwimu za kiwanda, kutoka kusimama hadi 100, 320i huchukua kama sekunde 7.5, 328i kama 6, 335i kama 5.5. Usizitafute barabarani, tafuta mvuto usiokatika. Ikivuta, ikasita, ikavuta tena, shuku plagi na koili. Ikivuma kama bomba lililotoboka huku nguvu haiji, ni hewa ya turbo inavuja.

Jaribu hali zote: Eco Pro, Comfort, Sport. Usukani na mafuta vibadilike waziwazi. Hali isiyobadilisha chochote inaficha moduli yenye hitilafu.

Funga breki kwa nguvu ya wastani ukiwa 90. Usukani ukitetemeka, ni diski zilizopinda au bushi za mikono ya mbele. Kwa barabara zetu, dau liwekwe kwenye bushi.

## Hatua ya 7: Chini ya gari na tairi

Lipandishe kwenye shimo au lifti. Angalia sampu ya oili, sampu ya giaboksi, shokapu zilizolowa, bushi zilizochanika. Zungusha kila rimu na uangalie ndani: nyufa za mashimo hujificha upande usioonekana, hasa rimu za inchi 18 na 19.

Nyingi huja na tairi ngumu zinazotembea hata zikiisha upepo, kwa hiyo hakuna tairi la akiba wala mahali pake. Ukiweka tairi za kawaida, nunua pampu na vifaa vya kuziba. Tarakimu nne ubavuni ni wiki na mwaka: 2316 ni wiki ya 23 ya 2016, hata kama kashata bado ni ndefu. Kwenye xDrive (inayovuta kwa magurudumu yote manne), tairi zote nne ziwe na uchakavu unaolingana na chapa moja, la sivyo kisanduku cha kugawa nguvu kinaumia.

Rangi ipime haraka. Ya kiwandani huwa kati ya mikroni 100 na 160 hivi. Paneli moja ikisoma 400, chini kuna poti.

## Hatua ya 8: Ndani

Madirisha, viti, kamera, vioo. Redio ya Japani hushika 76 hadi 90 MHz, kwa hiyo stesheni nyingi za Kampala hutazipata hadi ibadilishwe kwa programu. Ramani ya Japani haina faida. Haya ni ya kupunguzia bei, siyo ya kuachia gari.

## Ukishalinunua: wiki ya kwanza

Badilisha oili hata kama stika inasema ni mpya. N20 huchukua lita 5, N55 lita 6.5, ya kiwango cha BMW kiitwacho LL-01, kwa kawaida 5W-30. Dizeli yenye kichujio cha masizi itake LL-04. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti. Madebe ya kujaziwa upya yapo mjini. Usisubiri kompyuta ikuambie baada ya kilomita 25,000. Kwa vumbi na foleni zetu, 8,000 inatosha.

Betri iko butini, upande wa kulia, aina ya AGM. Ukiibadilisha lazima isajiliwe kwa skana, kwani gari huchaji kulingana na umri wa betri linaoujua. Isiposajiliwa, mpya itachajiwa kama kikongwe na itakufa mapema.

Ukinunua dizeli na safari zako ni Ntinda hadi katikati ya mji tu, kichujio cha masizi kitaziba. Mara moja kwa wiki litoe barabara ndefu, dakika 25 bila kusimama, raundi zikiwa juu ya 2,000.